Kifua cha Anne

Mdoli uitwao NeoNatalie hujazwa maji ya uvuguvugu, kama lita mbili hivi, ukashika uzito wa mtoto aliyetoka tumboni sasa hivi. Mwanafunzi wa ukunga akiunyanyua bila kuitegemeza shingo, kichwa huanguka nyuma kama cha mtoto wa kweli, naye hukidaka kwa mshtuko ambao hakuna mwalimu awezaye kuufundisha kwa maneno. Una vibofu vya kubonyeza: kimoja hunyanyua kifua, kingine hudundisha kitovu, kingine hutoa kilio. Mwalimu akiviacha vyote kimya, basi mtoto kazaliwa hapumui, na mwanafunzi ana dakika moja, ile iitwayo dakika ya dhahabu, ya kumfuta, kumsugua mgongo, kumweka sawa kichwa na kumkamulia hewa kwa mfuko wa ambu.

Mdoli huu hutengenezwa na Laerdal, kampuni ya mji wa Stavanger nchini Norwei, na mteja huuagiza wenye ngozi nyeusi au nyeupe. Chaguo hilo la rangi linaonekana jambo dogo, kama kuchagua rangi ya viatu. Lakini midoli ya kufundishia tiba imechukua karne nyingi kufika hapo, na katika safari yote hiyo kila mdoli ulikuwa na mwili wa mtu fulani: mtu ambaye aliyeutengeneza alimwona akifa, au aliogopa atakufa. Ukitaka kujua jamii ilimhurumia nani, tazama ilimshonea nani mdoli.

Tuanze China. Mwaka 1027, chini ya mfalme Renzong wa nasaba ya Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia kusubiwa kwa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu mzima, zilizotobolewa vitundu kila mahali panapochomwa sindano za tiba ya Kichina. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani zilipakwa nta na kujazwa maji. Mwanafunzi akilenga penyewe, maji yalichuruzika; akikosea, sindano iligonga shaba na darasa zima likasikia. Mtihani usio na rufaa! Sanamu zote mbili zilikuwa za wanaume.

Miaka zaidi ya 700 baadaye, huko Ufaransa, mwanamke alimshona mwanamke. Angélique du Coudray, mkunga wa Paris, alitengeneza kwa kitambaa, ngozi na vijalizo laini kiwiliwili cha chini cha mama mzazi, pamoja na mtoto wa kitambaa wa kuzalishwa humo. Aliuita mtambo, na ulistahili jina hilo: mtoto aliweza kutangulizwa kichwa, makalio au mkono, na mwanafunzi akatia mikono yake mwenyewe kumgeuza. Mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa kibali cha kuzunguka nchi nzima, naye kwa zaidi ya miaka 20 akafundisha maelfu ya wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma. Huruma ya mfalme ilikuwa na hesabu ndani yake. Washauri wa Ufaransa waliamini watu wa nchi yao wanapungua, na kila mtoto aliyefia mikononi mwa mkunga asiyefunzwa alikuwa askari na mlipa kodi aliyepotea. Mmoja wa mitambo hiyo ungalipo katika jumba la makumbusho mjini Rouen, na picha za eksirei zimeonyesha kwamba ndani ya kitambaa chake mna mifupa halisi ya nyonga ya binadamu.

Msomaji wa pwani hapa atanikatiza anikumbushe mwana hiti wa Wazaramo, na vinyago vya udongo vya jando na unyago ambavyo Hans Cory alivikusanya Tanganyika na kuvitolea kitabu mwaka 1956. Ana haki. Makungwi walijua kitambo kwamba kuna mambo ambayo mtu hayaelewi mpaka ayashike kwa mikono. Vinyago vile, hata hivyo, vilifundisha namna ya kuishi. Midoli ninayoifuatilia hapa inafundisha kumrudisha mtu aliyekwisha kuvuka nusu ya mlango.

Kazi hiyo ya kumrudisha mtu ilianza kupangwa penye maji. Amsterdam ni mji wa mifereji, na watu wake walizoea kutumbukia. Mwaka 1767 raia wake waliunda chama cha kuokoa waliozama, na London ikafuata mwaka 1774. Mashauri waliyoyatoa yalikuwa mchanganyiko wa busara na vituko: mpashe mtu moto, mpulizie pumzi mdomoni, na pia mpulizie moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa. Kando ya maji ziliwekwa hadi zana maalumu za kazi hiyo ya mwisho. Ile ya kupuliza mdomoni, ambayo Chuo cha Sayansi cha Paris kilikuwa kimeipendekeza tangu 1740, ndiyo iliyotupwa baadaye kwa kuonekana chafu. Mahali pake zikaja njia za viungo: kunyanyua mikono ya mtu juu na kuishusha, au kumlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo, kama alivyofundisha Schäfer wa Edinburgh mwaka 1903, au kuchanganya yote mawili, kama alivyofanya Holger Nielsen wa Denmark mwaka 1932.

Angalia kwamba kwa njia hizi hakuna aliyehitaji mdoli. Skauti wawili wazima walitosha: mmoja alale, mwingine amkandamize, kisha wapokezane. Na kwa kuwa waliojifunza walikuwa askari, mabaharia, wazima moto na skauti, mwili waliozoea kuushika ulikuwa mwili wa kijana wa kiume, mkavu na mwenye afya.

Mambo yaligeuka Baltimore, Marekani. Mwaka 1957 na 1958 Peter Safar, daktari wa usingizi mzaliwa wa Vienna, aliwalaza watu waliojitolea, akawapa dawa ya kulegeza misuli hata wasiweze kupumua wenyewe, kisha akapima. Majibu yalikuwa wazi. Kukandamiza mgongo kulipitisha hewa kidogo mno, kwa sababu ulimi ulioanguka huziba koo. Kuinua kidevu na kupuliza mdomoni kulimjaza mtu hewa mapafuni. Mwaka 1960, katika mji huohuo, wahandisi wa umeme William Kouwenhoven na Guy Knickerbocker pamoja na daktari James Jude, wote wa Johns Hopkins, walichapisha ushahidi kwamba damu ya mtu aliyesimama moyo inaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono miwili, bila kupasua. Zilipounganishwa, njia hizi mbili zikawa kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukifanya barabarani. Ila huwezi kukifanyia mazoezi kwa rafiki yako. Kifua cha mtu mzima hukandamizwa sentimita tano au zaidi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mfanyie hivyo mwenzako aliye hai na utamvunja mbavu.

Hapo ndipo alipohitajika mtu wa plastiki, na aliyemtengeneza alikuwa fundi wa vitu vya kuchezea. Åsmund Laerdal wa Stavanger alianza na kadi na vitabu vya watoto, akaingia kwenye vitu vya mbao, kisha kwenye plastiki laini. Kiwanda chake kilikuwa tayari kinauza mdoli wa wasichana uitwao Anne. Mwanawe Tore, akiwa na umri wa miaka miwili, alizama majini, na baba alimwopoa akiwa amelegea, akamtoa maji, mtoto akapumua. Kwa hiyo Bjørn Lind, daktari wa usingizi wa mji huohuo aliyekuwa ameipokea kazi ya Safar, alipozungumza na Åsmund juu ya mdoli wa kufundishia, hakuwa anazungumza na mfanyabiashara wa kawaida.

Åsmund alitaka uso ambao mwanafunzi hatauogopa. Aliukumbuka uso uliotundikwa ukutani katika nyumba ya jamaa zake: kinyago cha plasta cha msichana aliyefumba macho, mwenye tabasamu jepesi, kilichouzwa Ulaya nzima kama pambo. Inasemekana msichana huyo aliopolewa kutoka mto Seine mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1880, maiti yake ikawekwa wazi kwenye nyumba ya maiti ya mji ili atambuliwe, asijitokeze ndugu. Mfanyakazi wa humo, akivutwa na uzuri wake, akaagiza uso wake uchukuliwe kwa plasta. Wapo wanaopinga, nami nawaelewa, maana uso wa aliyekaa majini huvimba, na huu ni laini kama wa aliyelala mchana. Aliyekufa au aliyekuwa hai, jina lake halikujulikana. Mwaka 1960 Anne mkubwa akaingia sokoni akiwa na uso huo, na Kouwenhoven na wenzake walipotoa ushahidi wao, akatiwa springi kifuani. Mamilioni ya watu duniani wamempulizia mdomoni.

Napenda kukaa hapa kidogo. Åsmund alichagua uso wa kike, inasimuliwa, kwa sababu wanaume wa wakati ule wangesita kuweka midomo yao juu ya midomo ya mwanamume. Yaani mwanamke aliingia katika mafunzo haya ili mwokoaji asione haya, na suala la nani hasa angeanguka halikuwamo. Midoli ilipoanza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu, madarasani pakajaa vipande: kichwa na kifua tu, bila mikono wala miguu. Vifua hivyo ni bapa. Jina likawa la kike, uso wa kike, na chini ya shingo mwili wa mwanamume mwembamba. Hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilionekana ilipohesabiwa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopitia matukio zaidi ya 19,000 ya watu waliosimama moyo nje ya hospitali. Kati ya walioangukia mahali pa hadhara, wanaume waliokandamizwa kifua na wapita njia walikuwa asilimia 45. Wanawake, asilimia 39. Watu walipoulizwa sababu, walitaja hofu ya kumuumiza, hofu ya kushtakiwa kwa kumshika mwanamke pasipofaa, na ile dhana kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wanaume. Mtu ambaye hajawahi kuona titi kwenye mdoli wa darasani hukutana nalo kwa mara ya kwanza mbele ya umati, muda ukiyoyoma. Lakini mahali pa kuweka kiganja ni palepale, katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kati. Titi halibadilishi chochote isipokuwa ujasiri wa anayetazama.

Sisi hatuna haja ya kusafiri hadi Marekani kulielewa hilo. Mama akianguka sokoni, mikono ya kwanza kumfikia humfunika kanga, ya pili humletea maji, na wanaume waliomzunguka husubiri wanawake waje. Ni adabu njema, na kwa mtu aliyezimia kwa njaa inatosha. Aliyesimama moyo hana muda wa kusubiri adabu.

Dawa iliyobuniwa mwaka 2019 na wakala wa matangazo wa New York ilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: Womanikin, kizibao cha kitambaa chenye matiti, cha kuvisha juu ya kifua bapa, michoro yake ikitolewa bure ili yeyote aweze kukishona. Madame du Coudray angeielewa mara moja. Sindano na uzi, tena karne mbili na nusu baadaye. Viwanda vimekwenda polepole. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walitazama aina 20 za midoli ya watu wazima iliyokuwa sokoni, wakakuta mmoja tu wenye matiti.

Rangi ya ngozi ilikuwa na njia yake. Uso wa plasta ni mweupe kwa maumbile, na plastiki ya Stavanger ya mwaka 1960 iliufuata. Midoli myeusi ilikuja baadaye, na mara nyingi kiwanda kilibadili rangi tu: pua ileile, midomo ileile, yule msichana wa Seine kapakwa hudhurungi. Marekani, mwaka 2022, utafiti wa matukio zaidi ya 110,000 ulionyesha kwamba waathirika weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walioangukia hadharani walisaidiwa katika asilimia 45.6 ya matukio, wazungu katika asilimia 60. Itakuwa uvivu kuubebesha mdoli lawama hiyo yote. Mafunzo hugharimu fedha, na hufika kwanza kwenye mitaa yenye fedha. Hata hivyo, darasa ambalo kila anayekufa ndani yake ni mzungu linamwambia mwanafunzi jambo fulani, hata kama mwalimu hajafungua mdomo.

Kwa watoto wachanga, rangi inafika kwenye tiba yenyewe. Mwaka 1953 Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa New York, alichapisha kipimo ambacho mpaka leo kinajazwa kwenye kadi katika leba zote: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya misuli, mwitikio, na rangi. Kila kigezo hupewa alama sifuri hadi mbili, na kwa alama kamili ya rangi mtoto alitakiwa awe wa waridi mwili mzima. Ni kipimo kilichookoa wengi, na Apgar alikuwa mtu makini. Lakini mkunga wa Sumbawanga au Kisumu hujiuliza, waridi wapi? Kwa mtoto mweusi, upungufu wa hewa hutafutwa kwenye ulimi, fizi na midomo. Mwaka 2023 nchini Uingereza, chombo kinachofuatilia usawa wa kiafya wa jamii mbalimbali kilitoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba kipimo hiki na vingine vya rangi vinawakosea watoto weusi. Midoli ya bei ghali huonyesha upungufu wa hewa kwa taa ya bluu karibu na midomo. Mwanafunzi anayejifunza kusubiri taa hiyo, akiwa na mtoto mweusi mikononi, anaweza kusubiri isiyokuja.

Mafunzo ya kimataifa ya kuwasaidia watoto wapumue yalipozinduliwa mwaka 2010, yalikwepa mtego huo kwa swali jepesi: mtoto analia? Kama halii, anza. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyapokea. Georgina Msemo wa Wizara ya Afya na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali nane mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na wale walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu huku mwili haujaanza kubadilika wakapungua kwa asilimia 24. Takwimu hiyo ya pili hunitia baridi kila nikiisoma. Ina maana kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai, wakisubiri mtu ajaribu.

Wakati huohuo katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, daktari wa usingizi kutoka Stavanger, Hege Ersdal, na wenzake wa hapo waligundua jambo lisilopendeza. Wakunga waliopata mafunzo ya siku moja walifanya vizuri sana kwenye mdoli, tena mdoli mweusi, wa kufanana na watoto wao; leba hawakubadilika. Kumbe mwili unaofanana nawe haukufundishi kitu ukifungiwa kabatini mwa ofisi. Hospitali ikabadili utaratibu: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Estomih Mduma na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mbinu hiyo ilipanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, pamoja na vifaa vilivyokomaa Haydom, kikiwamo kipimo cha mapigo ya mtoto tumboni ambacho Stavanger ilikipa jina la Kiswahili, Moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Pamoja na NeoNatalie huja pia MamaNatalie, tumbo ambalo mwalimu hujifunga kiunoni akawa yeye ndiye mzazi. Mtoto hutoka, kondo hufuata, na mwalimu akitaka, damu bandia humiminika hadi sakafuni mpaka mwanafunzi ajue la kufanya. Mwalimu huyo huongea, hulalamika, humwita mkunga dada, humwambia anasikia kizunguzungu. Mdoli wenye sauti ya mtu wa hapahapa haukuhitaji springi wala kompyuta. Ulihitaji mwanamke anayejua leba inavyokuwa.

Åsmund Laerdal alifariki mwaka 1981, na kampuni ikaongozwa na Tore, yule mtoto aliyeopolewa majini. Chini yake, mwaka 2010, ndipo ilipoundwa Laerdal Global Health, tawi lisilo la faida kwa ajili ya leba za nchi maskini. Mdoli wake maarufu hufika ukiwa umenywea, mwepesi kama mfuko mtupu, na kazi ya kwanza ya mwalimu ni kutafuta maji.